ALP imepanda na ini ni zima: inakuwaje?

Swali: Mke wangu ana ujauzito wa miezi minane. Vipimo vya ini vimeonesha ALP 210, na karatasi inasema mwisho ni 130. ALT na AST, vipimo vingine vya ini, ziko sawa. Nesi anasema tusihofu. Kipimo cha ini kinapandaje kama ini halina shida? – Msomaji, Kongwa

Jibu: ALP, yaani fosfatasi ya alikali, si mali ya ini peke yake. Mwili hutengeneza kimeng'enya hiki kwa sura kadhaa ziitwazo isoenzaimu: kazi yao ni ile ile ya kung'oa fosfeti, lakini maumbile hayafanani. Ya utumbo ina jeni yake, ya kondo la nyuma ina yake. Ya ini na ya mfupa hutoka kwenye jeni moja, ila zimevishwa sukari tofauti. Jembe moja, mipini miwili. Mashine huzisoma zote kwa pamoja, kwa hiyo 210 hiyo ni jumla.

Miezi mitatu ya mwisho kondo humwaga ya kwake kwenye damu, na jumla kufika mara mbili ya kawaida si ajabu. Hushuka wiki chache baada ya kujifungua. Ila akiwashwa viganja na nyayo, au macho yakigeuka manjano, aende kliniki siku hiyo hiyo.

Swali: Naweza kuzitofautisha isoenzaimu za ALP bila elektroforesi (kuzitenganisha kwa umeme)? – Mwanafunzi wa maabara, Dodoma

Jibu: Kwa joto. Gawa seramu (majimaji ya damu iliyoganda) mafungu mawili. Moja liweke kwenye maji ya nyuzi 56 kwa dakika 10 kamili, lipooze kwenye barafu, kisha pima yote mawili. ALP ikibaki chini ya asilimia 20 ya ile isiyopashwa joto, chanzo kikubwa ni mfupa. Ikizidi hapo, fikiria ini. Ya kondo huvumilia hata nyuzi 65 kwa dakika 30.

Kinachoharibu zaidi ni kipimajoto: maji yakizidi digrii moja tu, ini linaweza kusomeka kama mfupa. Chupa ya kifuniko cha zambarau iache. EDTA iliyomo, kemikali ya kuzuia damu kuganda, hunyakua zinki na magnesiamu, na bila madini hayo ALP haifanyi kazi. Mgonjwa naye awe hajala. Kwa wenye damu ya kundi O au B, supu ya mbuzi yenye mafuta, ile ya asubuhi, yaweza kupandisha ALP ya utumbo kwa saa kadhaa.

Kusema kweli, kama maabara yenu inapima GGT, kimeng'enya kingine cha ini, anza nayo: hupanda pamoja na ALP ya ini, na mfupa hauigusi.