Nilivyoamua kuacha Glock 43 na kuhamia P365, na kwa nini wewe huenda usihame

Dada zetu kadhaa hapa Houston wanajua kwamba nabeba bastola, kwa hiyo swali hili hunifikia kila mara: hizi bastola ndogo za siku hizi zinazoingiza risasi kumi, ni kweli zinazishinda zile tulizozizoea? Mimi nilibeba Glock 43 kwa miaka, na mwaka huu nimehamia SIG P365. Nimeridhika nayo. Ila shangazi yangu, niliyempeleka uwanja wa shabaha siku zile zile nilipokuwa nikipima, alichagua bastola tofauti kabisa, na mume wangu hakubadilisha chochote. Wote wawili walichagua vizuri. Ukitaka kujua kama ubadilishe, anza na mkono wako na nguo unazovaa. Hesabu ya risasi itafuata.

Lakini kwanza makaratasi, maana hapa ndipo watu wa kwetu wanapoweza kuharibikiwa maisha. Texas, kuanzia tarehe 1 Septemba 2021, mtu mwenye miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaweza kubeba bastola bila leseni. Wengi walisikia hilo la "bila leseni" wakaishia hapo. Sheria ya shirikisho iko pale pale: aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala kushika silaha, isipokuwa kwa sababu chache kama kuwa na leseni ya uwindaji. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Na kwa yeyote ambaye bado hajawa raia, kupatikana na hatia ya kosa la silaha kunaweza kumfanya arudishwe alikotoka. Usishike bastola ya rafiki "kujaribu tu" kabla hujajua hali yako ya uhamiaji inasemaje.

Mimi nilichukua leseni ya Texas ingawa si lazima, na nakushauri uchukue. Darasa lake linakueleza ni lini sheria inakuruhusu kutumia nguvu na ni lini haikuruhusu. Majimbo mengi yanaitambua. Tena kuna sheria ya shirikisho inayokataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, na ukiendesha gari mjini unapita karibu na shule kila siku. Mwenye leseni ya jimbo ilipo shule hiyo hana hofu hiyo. California na New York hazitambui leseni yetu, kwa hiyo ukienda harusi huko, bastola ibaki nyumbani. Na penye kibao chekundu cha 51%, yaani mahali panapopata zaidi ya nusu ya mapato yake kwa pombe inayonywewa pale pale, usiingie nayo kabisa.

Sasa tuje kwenye bastola zenyewe.

Glock 43 ilipotoka mwaka 2015, ilikuwa ndiyo kipimo cha bastola nyembamba ya milimita 9: risasi sita kwenye magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini), na moja kwenye chemba, tayari kufyatuliwa, ukipenda. Smith & Wesson walikuwa na Shield yao tangu 2012, nayo iliingiza saba au nane. Risasi zilipangwa mstari mmoja, moja juu ya nyingine, na ukitaka zaidi ulilazimika kukubali bastola nene. Mwaka 2018 SIG wakaleta P365. Magazini yake ni pana kidogo chini, risasi zinakaa kwa kupishana, kisha inabanwa juu ili zitoke moja moja. Kwa ujanja huo wakaingiza risasi kumi ndani ya bastola yenye kimo karibu sawa na Glock 43: milimita 108 kwa Glock, milimita moja hivi zaidi kwa P365. Uzito nao ni nusu kilo hivi kwa zote mbili kabla ya kujaza risasi. Wengine wakafuata. Springfield walileta Hellcat mwaka 2019, inayotengenezwa Croatia, yenye risasi 11 au 13. Mwaka huo huo Glock wakaleta 43X ya risasi kumi, na Shield Plus ya 10 au 13 ikatoka 2021.

Kwenye makaratasi basi, mwenye bastola ya risasi sita anaonekana kapitwa na wakati. Mimi sikubaliani na haraka hiyo. Bastola ndogo ni ngumu kupiga kuliko kubwa, zote, za zamani na mpya. Wepesi wake unafanya irushe mkono zaidi. Mtutu mfupi unamaanisha vilengeo viwili viko karibu karibu, hivyo kosa dogo la macho linakuwa kosa kubwa kwenye karatasi. Mpini nao ni mfupi. Nilipoishika Glock 43, kidole changu cha mwisho kilikuwa hewani, hakina pa kushika, na kila nilipofyatua kwa haraka mpini ulijisokota ndani ya kiganja. Risasi ya kwanza iligonga katikati, ya pili chini kidogo kushoto, ya tatu chini zaidi kushoto. Ukiiona ile ngazi kwenye karatasi ujue mkono mzima unabana pamoja na kidole cha kifyatulio. Kwa hiyo nilichokitafuta kwenye bastola mpya kilikuwa mpini utakaoushikilia mkono wangu, na risasi nne za ziada nilizihesabu kama bahati juu yake.

Kwa kipimo hicho, iliyonipigia vizuri kuliko zote ilikuwa Glock 43X. Mtutu wake na slaidi yake (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua) ni saizi ile ile ya 43, ila mpini umerefushwa mpaka kimo cha milimita 128. Vidole vyote vikapata mahali, na ile ngazi ikaisha. Shield Plus ilifuata kwa karibu sana. Kifyatulio chake kinavutika laini na kinarudi mapema, unahisi kabisa mahali kinapoachia. Hellcat inakaa vizuri mkononi, lakini kwa mkono wangu iliruka kuliko wenzake, na risasi ya pili ilichelewa kwa sababu nilikuwa nasubiri vilengeo vitulie. Mwenye mikono mipana anaweza kusema kinyume, na sitabishana naye.

Mbona basi sikuchukua 43X? Nguo. Mimi nafunga duka la vyakula vya kwetu usiku, na mchana kutwa nimevaa dera au gauni la kitenge, halina mkanda wala pindo la kuchomeka kitu. Nabeba kwenye mkanda mpana wa tumbo wenye kipande cha plastiki ngumu kinachofunika kifyatulio. Kinachosaliti bastola chini ya nguo si urefu wa mtutu, maana mtutu unaingia chini kwenye nyonga. Ni mpini, unaochomoza ukiinama. Nilivaa 43X isiyo na risasi nyumbani, mbele ya kioo, nikafanya kazi zangu zote: kuinama kuchukua mfuko wa mchele wa pauni 40, kunyoosha mkono kwenye rafu ya juu, kukaa kwenye gari na kufunga mkanda. Kila nilipoinama, kona ya mpini ilichora kwenye dera. Milimita 20 zile ndizo zilizokuwa zikinipa shabaha nzuri, na ndizo zilizokuwa zikionekana.

P365 ilinisaidia hapo kwa jambo ambalo wauza silaha wengi hawalielezi vizuri. Ndani yake kuna kiunzi cha chuma chenye namba ya usajili, chenye mitambo yote ya kifyatulio, na kisheria kile kiunzi ndicho silaha. Mpini wa nje ni ganda la plastiki unaloweza kununua peke yake bila fomu yoyote na kulibadilisha mezani. Ganda la P365XL, ambalo ni refu na linaingiza magazini ya risasi 12, linakubali slaidi ya P365 ya kawaida. Kwa hiyo siku za dera natumia ganda fupi, na magazini yenye kijukwaa kidogo chini kinachokipa kidole cha mwisho pa kukaa. Siku za suruali na koti natumia ganda refu. Kifyatulio ni kile kile, vilengeo ni vile vile, na mkono haujifunzi upya. Kwa ganda fupi bado napiga vibaya kidogo kuliko nilivyopiga 43X. Nimeukubali upungufu huo kwa sababu bastola nisiyoweza kuificha kazini ningeiacha kwenye gari, na gari ndipo bastola zinapoibiwa.

Mume wangu anabeba Glock 19, ile ya kati ya risasi 15, chini ya shati lililoachwa nje. Anaificha bila shida, anaipiga vizuri kuliko ndogo yoyote tuliyoikodi. Hana sababu ya kushuka. Kama mwili wako na nguo zako zinaificha kubwa, baki na kubwa.

Shangazi yeye ana baridi yabisi vidoleni. Alishindwa kuvuta slaidi ya P365 mpaka mwisho, na Glock vile vile. Alichoweza ni Shield EZ, ambayo springi yake imelegezwa makusudi na magazini yake ina kitufe cha kusaidia kujaza. Ya milimita 9 inaingiza risasi nane. Ni kubwa kuliko hizi nyingine, na anaiweka kwenye sanduku la chuma kando ya kitanda, habebi. Kuna watakaokwambia mwanamke achukue rivolva ndogo ya risasi tano kwa kuwa ni "rahisi". Rahisi kuieleza, ndiyo. Ile nyepesi ya aluminiamu ina kifyatulio kizito na inauma kiganja. Mwanzilishi akifyatua mara kumi anaanza kuiogopa. Na vile vibastola vya mfukoni vya .380 (risasi fupi na dhaifu kuliko ya milimita 9), kama Ruger LCP Max yenye gramu 300 hivi, vina kazi yake kwa nguo ambazo hazikubali kitu kingine, lakini risasi ya .380 kutoka mtutu mfupi mara nyingi ama ncha yake haifunguki na kutanuka inavyotakiwa au inafunguka na kuishia njiani. Milimita 9 ina nafasi kubwa zaidi ya kufikia kina cha inchi 12 mpaka 18 kwenye jeli ya majaribio, ambacho FBI hukitumia kama kipimo.

Usinunue kwa kuishika kaunta. Nyanja nyingi za shabaha hapa Texas zinakodisha bastola, unalipa kidogo na risasi zao. Nenda na bastola yako ya sasa, ukodi ile unayoitamani, na uzipige siku moja, kwa risasi za aina moja. Weka sahani ya karatasi yadi 7. Piga tano polepole, kisha tano kwa haraka unayoiweza, kisha tano kwa mkono mmoja, na mwenzako ashike saa. Rudia kwa nyingine. Anza na ya zamani, kisha mpya, ili uchovu usiipendelee mpya. Zitazame zile sahani. Tofauti ikiwa ndogo hata huioni, huna haja ya kubadilisha. Tia fedha hizo kwenye darasa na risasi za mazoezi.

Na fedha hizo si kidogo. Bastola ya aina hii ni dola 500 hivi, lakini ala yako ya zamani (mfuko wa kubebea bastola) haitaingia, magazini hazitaingia, na vilengeo ulivyofunga havitaingia. Ongeza magazini mbili, ala nzuri, risasi za mazoezi, na boksi la risasi za kujihami zenye tundu kwenye ncha, ambazo ni ghali kuliko za mazoezi. Ala usiifanyie ubahili. Glock haina kufuli la nje la usalama. P365 unaweza kuipata nalo au bila. Mimi sina kwenye yangu, kwa sababu ninachokitegemea ni ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, na kuirudisha bastola ndani yake polepole huku nikitazama. Bastola ndani ya mkoba wa kawaida, pamoja na funguo na lipstiki, hapana. Kama lazima iwe mkoba, uwe ule wenye mfuko wake peke yake na ala ndani, na mkoba usitoke mwilini mwako.

Wenye watoto, Texas ni kosa la jinai kuacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto aliye chini ya miaka 17 anaweza kuifikia. Sanduku dogo la chuma la namba liwe ndani ya bei ya bastola tangu mwanzo. Ikitoka kiunoni, inaingia humo, si juu ya kabati wala chini ya mto.

Ukishanunua, usiibebe siku hiyo hiyo. Mimi hungoja ipige angalau risasi 200 za mazoezi bila kukwama, kisha magazini kadhaa za zile zile risasi za kujihami nitakazobeba, maana kuna bastola inayokula za mazoezi vizuri na kukataa nyingine. Nyumbani, ikiwa tupu na risasi ziko chumba kingine, naitoa kwenye ala chini ya nguo ninazovaa kweli, mpaka mkono usitafute tena. Mpaka ipite yote hayo, ya zamani inabaki kiunoni, na ndipo unapoweza kuipeleka kwa muuzaji mwenye leseni aipime bei.