Maswali Yenu: Alama za Mtihani wa Udaktari Hupatikanaje?

SWALI: Niko mwaka wa pili wa ubingwa wa upasuaji. Kwenye kituo cha mtihani cha kushona jeraha nilipata tiki zote 20 za orodha ya hatua, lakini mtahini akanipa 2 kati ya 5 kwenye tathmini ya jumla. Je, si kuonewa huku?

JIBU: Huenda hukuonewa. Orodha huuliza kama umefanya jambo, na tathmini ya jumla huuliza umelifanyaje. Chukua mshono mmoja tu. Sindano imeingia, imetoka, fundo limefungwa, uzi umekatwa: tiki nne hizo. Sasa utazame mkono wa kushoto. Kibano kimeuminya ukingo wa ngozi mpaka kikaacha alama za meno, kikaachiwa, kikauminya tena pembeni kidogo. Mkono wa kulia nao umeikamata sindano karibu na ncha, badala ya theluthi mbili kutoka nchani, kisha ukaisukuma moja kwa moja. Sindano imejikunja kama mwezi mchanga, kwa hiyo inatakiwa iingie wima kwenye ngozi, kisha kifundo cha mkono kizunguke iufuate mkunjo wake. Ukiisukuma moja kwa moja, inapinda na tundu linatanuka. Orodha haina mahali pa kuandika hayo.

Kipimo cha OSATS, cha kupima ujuzi wa vitendo wa upasuaji, kilichotengenezwa Toronto miaka ya 1990, huyaangalia katika maeneo 7: kuziheshimu tishu, muda na mijongeo ya mkono, kushika vifaa, kuvijua vifaa, kuwatumia wasaidizi, mtiririko wa operesheni, na kuijua operesheni yenyewe. Kila eneo lina alama 1 hadi 5, hivyo wa chini kabisa ana 7 na wa juu 35. Usiombe jumla peke yake, omba mchanganuo. Mwenye 2 kwenye tishu na mwenye 2 kwenye mtiririko hawafanyi mazoezi ya aina moja. Wa kwanza ajirekodi video ya mikono yake na ahesabu mara ngapi kibano kimeshika ngozi kwa kila mshono. Wa pili aseme kwa sauti hatua inayofuata kabla ya kuomba kifaa. Na mazoezi yagawanywe kwa wiki kadhaa. Kukesha siku moja na nyuzi kunampa mtu ujuzi unaoyeyuka mapema.

SWALI: Alama ya kufaulu ilikuwa 62, mimi nikapata 61. Mwaka jana ilikuwa 58. Kwa nini wasiweke 50 tukajua moja?

JIBU: Kwa sababu mitihani hailingani ugumu. Ukiikaza 50, mwaka wa maswali mepesi watapita wasiostahili, na mwaka wa maswali magumu watafeli wanaostahili. Kwa mtihani wa kuchagua majibu, njia inayotumika sana ni ya Angoff. Jopo la wakufunzi linamfikiria mtahiniwa aliye mpakani kabisa kati ya kupita na kufeli, na kila mmoja anakadiria, kwa kila swali, watahiniwa wangapi wa aina hiyo kati ya 100 wangelipata. Wakisema 60, 70, 55, 65 na 50, swali hilo lina 60. Wastani wa maswali yote ndio alama ya kufaulu. Njia hii huharibika pale mkufunzi anapomfikiria mwanafunzi wake bora, au anapojifikiria mwenyewe, na alama inapaa. Dawa yake ni kuwaonyesha majibu halisi ya watahiniwa baada ya duru ya kwanza, kisha wakadirie upya.

Kuhusu hiyo pointi 1, uchungu wako una msingi wa kihesabu. Tuseme mchepuko wastani wa alama za darasa, yaani jinsi zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni 8, na uthabiti wa mtihani, yaani jinsi ungetoa alama zilezile ukirudiwa (1 ikiwa ni kamili), ni 0.84. Toa 0.84 kwenye 1, inabaki 0.16, ambayo kipeuo chake cha pili ni 0.4. Zidisha kwa 8 unapata 3.2. Hilo ndilo kosa la kipimo, yaani kiasi ambacho alama huyumba kwa bahati tu, na ni kubwa kuliko pengo lako na 62. Lakini usishangilie mapema: kosa hilo linavuta pande zote mbili, na baadhi ya bodi huliongeza juu ya alama ya kufaulu kumlinda mgonjwa. Sisi tunaliona jambo hilo ni la haki kwenye mitihani ya vitendo, mradi litangazwe kabla ya mtihani.

SWALI: Tunaandaa mtihani wa vituo. Tuweke watahini wawili kila kituo, ili mkali na mpole wasawazishane?

JIBU: Kama mna watahini 20, afadhali vituo 20 vya mtahini mmoja mmoja kuliko 10 vya wawili wawili. Tatizo kubwa kuliko ukali wa mtahini ni kwamba anayemudu kupima tumbo anaweza kukwama kabisa kwenye kuzungumza na mgonjwa, na vituo vichache havitawaonyesha hilo. Mkali naye anakutana na kila mtahiniwa mara moja tu. Asubuhi, kabla hamjaanza, watahini wote watazame video moja, waipe alama kila mtu kivyake, kisha wabishane.

SWALI: Daftari langu lina operesheni 80 za kidole tumbo. Zinatosha kuthibitisha umahiri?

JIBU: Hapana. Kila operesheni iandikiwe kiwango cha usimamizi: ulisaidia, ulifanya bingwa akiwa mezani, au ulifanya bingwa akiwa nje ya chumba lakini anaitika. Andika pia matatizo yaliyompata mgonjwa baadaye. Operesheni 80 za kushika vifaa vya kutanulia jeraha ni ushahidi wa uvumilivu tu.