Kwa mnaoanza kazi ya msituni hapa Nairobi: jueni miti kwanza

Wadogo zangu mnaoingia atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kwenye misitu yetu, kuna kitu nataka mkijue kabla hamjashika kamera wala darubini, juu mimi kilinichukua karibu miaka miwili kukijua na hakuna aliyeniambia. Msianze na wanyama. Anzeni na miti.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu kima. Nilikuwa na furaha sana, natembea zile njia za watu wa kukimbia, napita pale familia hukaa na chakula wikendi, na kima wamejaa, kila kona kikundi. Nikahesabu, nikazidisha na ukubwa wa msitu, nikaandika ripoti ya kusema wako wengi na wanaendelea vizuri. Msimamizi wangu akaisoma akaniuliza swali moja tu, ndani umeingia mara ngapi? Sikuwa nimeingia. Wiki iliyofuata nikaenda na mzee mmoja, askari wa msitu, tukaingia ndani kabisa kwenye mikaratusi tukatembea asubuhi nzima, kimya. Mzee akachuma jani la mkaratusi, akalisugua, akaninusisha. "Kijana, hapa nani atakula nini?" Hilo swali ndilo natumia mpaka sai kila nikifika mahali pageni.

Ukiangalia picha ya setilaiti ile mikaratusi ni kijani sawa tu na msitu wa asili. Hata hesabu za serikali za 2021 hazimalizi hilo swali, ufuniko wa miti Kenya, pamoja na ya mashambani, ulikuwa asilimia 12.13 na msitu asilimia 8.83, lakini hata ndani ya hiyo ya pili kuna miti ya kupandwa ya mbao. Mikaratusi mingi ya Nairobi ilianza kupandwa enzi za reli, ilihitajika kuni za treni. Chini yake mimea ni michache, na kwa hivyo wadudu ni wachache, na suni, yule paa mdogo wa vichakani, hana pa kujificha. Sasa simama chini ya mugumo, yaani mtini wa porini, wakati matunda yameiva. Hondohondo wako hapo, ninga wako hapo, kima wanagombana juu, na usiku fungo anakuja kuokota tini zilizoanguka. Migumo haizai wakati mmoja yote, kwa hivyo msitu ukiwa nayo ya kutosha kuna chakula hata miezi ile miti mingine haina kitu. Ukikata mugumo mmoja umefunga hoteli ya kijiji kizima, na kwenye ramani hakuna hata kitone kitabadilika.

Mbega ndio wamenifunza zaidi. Kuanzia 2014 walihamishwa kutoka Kipipiri kule Nyandarua wakaletwa msitu wa Karura hapa Nairobi, kwa sababu kule kwao vipande vya msitu vilikuwa vinaisha na wao wamebaki katikati ya mashamba, wanakula mazao na wakulima wamechoka nao. Mbega anaishi kwa majani, tumbo lake limegawanyika vyumba vyumba vya kuchachusha majani, na kushuka chini hapendi sana. Kwa hivyo ile nafasi kati ya mti na mti, ambayo wewe unaivuka hatua kumi bila kufikiria, kwake ni kikwazo. Kule Diani watu wamefunga ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa na magari, na wanazitumia.

Barabara sasa, hapa nitakaa kidogo juu wanafunzi wengi huiona ni lami tu. Chukua msitu wa mraba, kilomita moja kwa kilomita moja, hekta 100. Tuseme joto, upepo, mbwa wa mitaani na watu wa mitego wanaingia mita 100 kutoka kila ukingo. Ndani palipotulia panabaki mita 800 kwa 800, yaani hekta 64. Pitisha barabara moja katikati, hata kama ni nyembamba, halafu piga hesabu tena: una vipande viwili, kila kimoja kimebaki na ndani ya hekta 24, jumla 48. Lami imekula kidogo sana lakini ndani imepungua hekta 16. Nendeni mkaone Ngong Road Forest pale barabara kuu ya Southern Bypass ilipopita, ama vile Limuru Road imetenga kipande cha Sigiria na Karura yote. Msitu ukishakatwa hivyo wanyama hawapotei siku hiyo, ndio maana wengi wetu hudanganyika. Tai wa kishungi anaishi miaka mingi, unaweza kumwona kila mwezi ukasema yuko sawa kumbe hajalea kifaranga muda mrefu. Kwa hivyo ukimwona mnyama usiandike yuko tu, andika kama ana mtoto, anakula nini, na mti gani.

Na msije na moto wa kukata mikaratusi yote mara moja. Nimeona kipande kilichofunguliwa haraka, jua likaingia, lantana, kile kichaka vamizi cha kigeni, ikameza kila kitu, ndege wanakula mbegu zake wanaenda kuzimwaga kwingine. Karura wanaondoa polepole huku wanapanda mukinduri, muhugu na miti mingine ya kwetu, na muhugu hukua taratibu sana, utauona mdogo mpaka ukate tamaa. Wangari Maathai, mtetezi wa misitu, alipigwa pale Karura Januari 1999 alipoenda kupanda miche kwenye ardhi ya msitu iliyokuwa inagawiwa. Nikipita hiyo sehemu huwa nanyamaza.

Jumatatu tuonane getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njoo na buti na daftari, na penseli sio kalamu, umande wa asubuhi unaweza kuharibu maandishi ya wino. Wiki mbili za kwanza hatuhesabu mnyama hata mmoja, tunajifunza miti thelathini, kwa jani, kwa gome na kwa harufu.