Korongo kifuani anavuta sweta: pasi haimtibu

SWALI: Nipo Kabale, Uganda, namfumia mtoto wa miaka minne sweta la kijani kwa akriliki, sindano za milimita 4. Kifuani nimeweka korongo wa bendera yetu. Nilimchora kwenye daftari la hesabu, mraba mmoja kitanzi kimoja, 44 kwa 44. Kifua kimejikunja, na ndege ametoka mfupi, mnene. Fundi mmoja ameniambia nimalize tu, kisha nipige pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi. Itafaa?

JIBU: Haitafaa, mama, na tafadhali usijaribu. Akriliki ni plastiki. Mvuke wa pasi ya moto unailegeza, na ikishalegea hairudi tena: sweta linang'aa, linaning'inia, ukivuta pindo la kiunoni linabaki limepanuka. Uzi unaokivuta kifua uko nyuma, na pasi haiurefushi.

Geuza sweta utazame ndani. Kwenye kiwiliwili cha korongo, kijani kinapita nyuma ya vitanzi 25 hivi. Kama una vitanzi 22 kwa sentimita 10, hizo ni zaidi ya sentimita 11 za uzi mnyoofu. Sweta hunyumbuka kwa sababu ya vitanzi, na uzi mnyoofu hauna kitanzi hata kimoja. Vidole vya mtoto navyo vitanasa humo kila akivaa.

Uzi wa kupitisha nyuma usizidi vitanzi 5. Shingoni, ambako korongo ni mwembamba, pitisha kijani bila shida. Kuanzia mabegani kwake kushuka, tumia mabonge mawili ya kijani, moja kila upande, na bonge dogo la kijivu katikati. Kila rangi zinapokutana, chukua uzi mpya kutoka chini ya ule unaouacha ili ziumane; usipofanya hivyo patabaki tundu. Kujua urefu wa uzi wa kila sehemu, uzungushe kwenye sindano mara nyingi kama vitanzi unavyohitaji, uongeze sentimita 15 kila ncha. Miguu, wekundu wa koo, weupe wa shavu na taji la dhahabu usivifume kabisa. Vitie mwishoni kwa sindano ya kushonea. Taji ni mishono mirefu tu, imetawanyika kama miale.

Ufupi wa ndege umetoka kwenye daftari. Mraba wake una pande sawa, kitanzi hakina: kwa kawaida ni kipana kuliko urefu wake. Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, upime katikati yake. Ukipata vitanzi 22 na mistari 30 kwa sentimita 10, mchoro wako wa 44 kwa 44 utatoa ndege wa upana wa sentimita 20 na urefu chini ya 15. Ili alingane na mchoro anahitaji mistari 60. Chora upya kwenye vyumba vya upana wa milimita 10 na urefu wa milimita 7.3.

Kwa hiyo fumua hadi mstari anapoanzia korongo. Inauma, najua. Zungusha uzi uliofumuliwa kwenye kiti, ufunge, uloweshe maji ya vuguvugu na uuanike, mikunjo itapungua.

Kinachoniudhi ni wanaochukua pesa za watu kwa imani kwamba nyuma hakuonekani, basi hakuna neno. Wengine hubandika kitambaa cha gundi ndani ili kuficha nyuzi. Kifua kinakuwa kama kadi, kichwa cha mtoto kinapita kwa shida, na gundi inaanza kubanduka sweta likifuliwa. Ukinunua sweta la picha, ligeuze kabla ya kulipa na uvute kifua kwa mikono miwili. Kisiponyumbuka, rudisha. Na kama kuna nyekundu karibu na nyeupe, omba kipande cha uzi huo, ukifunge kwenye kitambaa cheupe na kukilaza usiku mzima katika maji ya vuguvugu yenye sabuni. Kitambaa kikiamka na wekundu, shavu la korongo nalo litapata wekundu huohuo.