Maiti katika riwaya za upelelezi: maswali yenu

Je, riwaya ya upelelezi haiwezi kwenda bila maiti?

Inaweza. Mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe alianza hadithi zake za upelelezi mwaka 1841 na mama na binti yake waliouawa Paris, lakini mwaka 1844 aliandika hadithi nyingine ambamo kinachosakwa ni barua iliyoibwa tu. S. S. Van Dine, mwandishi Mmarekani wa riwaya za upelelezi, hakukubali. Katika kanuni zake 20 za mwaka 1928 alishikilia kwamba maiti haina budi kuwapo, kwa kuwa kosa dogo kuliko mauaji halistahili kurasa 300. Mimi simfuati moja kwa moja, ila namwelewa: kilichoibwa huweza kurudishwa, uhai haurudi.

Maiti ionekane lini?

Mapema, msomaji akiwa bado hajamwamini mtu yeyote.

Mpelelezi wangu anaitazama maiti mara moja na kutaja saa kamili ya kifo. Mhariri amekataa. Kwa nini?

Mhariri yuko sahihi. Mwili hutoa makadirio. Kukakamaa huanza saa chache baada ya kifo, huonekana kwanza usoni na shingoni, huenea mwili mzima kwa takriban saa 12, kisha huachia. Joto huharakisha, baridi huchelewesha.

Nakushauri utumie dalili nyingine, ninayoipenda zaidi. Moyo ukisimama, damu hutuama upande wa chini wa mwili na kuacha mabaka. Baada ya saa 8 hadi 12 hivi, mabaka hayo hayahami tena. Sasa maiti ikutwe kifudifudi, mabaka yakiwa mgongoni. Ililala chali saa nyingi, kisha mtu akaja akaigeuza. Alikuwa anatafuta nini chini yake? Hujamhoji shahidi hata mmoja, na tayari una swali la kukupeleka sura tatu mbele.

Nimemaliza riwaya bila kumhurumia aliyeuawa. Kasoro ni yangu?

Si yako. Mwandishi alikupa fumbo, hakukupa mtu, na hilo hunikera sana. Kiswahili chenyewe kinatuonyesha tofauti: twasema maiti ilikutwa sakafuni, lakini marehemu alikutwa sakafuni. Mpelelezi anaweza kuanza na "ilikutwa", kisha mfukoni mwa shati akapata miwani iliyofungwa uzi mkono mmoja, na orodha ya vitu vya kununua kesho yake. Kuanzia ukurasa huo aseme "alikutwa".