Jibu: Sarafu ya Yona ya dhahabu, mbona si karati 24?

Habari mkuu. Umesema sonara amekuambia sarafu yako ya Yona ndani ya samaki (Israeli, 2010) si karati 24, sasa unahofia umepigwa. Usishtuke kwa hilo. Sarafu za sheqel 10 (sheqel ni pesa ya Israeli) za mfululizo ule wa visa vya Biblia ni karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu, ndivyo zilivyotengenezwa. Anza na mzani: itoe kwenye kifuko chake, yangu ilisoma gramu 16.96 kwa jumla, na ndani yake dhahabu safi ni nusu aunsi, kipenyo milimita 30. Sumaku usiitegemee, hata shaba hainaswi. Kwa picha tu siwezi kukuthibitishia, tuletee vipimo. Ila muuzaji huyo akikupa "shekeli ya dhahabu" ya uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma, kataa kabisa: shekeli zile za kale zilikuwa za madini ya fedha.