Mwaka wa jumuiya yetu, Ndanda

Dada, umeuliza mwaka wa kanisa huku Ndanda, Mtwara, unakwendaje. Kalenda huanza na Majilio, majuma yale ya kungoja Krismasi, ila kwa sadaka mwaka huanza na korosho: minada ikianza Oktoba, ahadi za mabati na mabenchi ndipo hutimia. Kwaresima ndiyo ngumu. Mvua kubwa, ghala tupu, na hapo ndipo jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya waumini majirani, huonekana ni ndugu: ukiugua, wanakupalilia shamba. Mwaka jana kwenye misa ya mavuno bibi mmoja alileta ungo wa mbaazi mbichi, umefunikwa kanga iliyopauka. Kanisa zima lilipiga vigelegele. Wabenediktini, watawa wamisionari, walifika hapa 1906. Lakini mimi naona bibi yule ndiye anayelishikilia kanisa.